Mizani ya Pamba, Mizani ya Maradhi

Msimu wa pamba ukifunguliwa Nyalikungu, macho yote huwa kwenye mizani. Mkulima amefikisha mzigo wake kituoni kwa mkokoteni wa ng'ombe, karani wa chama cha msingi anautundika, na kabla namba haijaandikwa kwenye stakabadhi mwenye pamba ameshaisoma mwenyewe. Jasho la tangu mvua za Novemba linageuka kuwa kilo, kilo zinageuka kuwa shilingi. Mizani ikichezewa siku hiyo, habari itaenea kata nzima kabla jua halijazama.

Kata hiyohiyo, katikati ya mji wa Maswa, ina mzigo mwingine ambao haupandishwi kwenye mizani yoyote. Kuna nyumba ambazo mtoto anaugua mwaka hadi mwaka. Ng'ombe wanatoka zizini mmoja mmoja, shamba linapaliliwa kwa kuchelewa, dada mkubwa anakosa shule ili abaki na wadogo. Mwisho wa mwaka hakuna karani anayeandika stakabadhi ya hasara hiyo.

Ugonjwa unaigharimu familia, wilaya na nchi kiasi gani? Na dawa mpya inapokuja, tunajuaje kama imepunguza mzigo au imeongeza bili tu? Wachumi wa afya wamehangaika na maswali haya kwa miongo mingi, na baadhi ya majibu yao mazuri yamepatikana hapahapa Tanzania. Ninachokiona mimi ni hiki: bei ya dawa inaonekana kwa sababu imebandikwa kwenye boksi. Gharama ya ugonjwa inajificha kwa sababu inalipwa vipande vipande na watu wasiopewa risiti. Anayeamua kwa kutazama boksi peke yake anapima kwa mizani yenye sahani moja.

Nitautumia ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, kuonyesha ninachosema. Ni ugonjwa wa Kanda ya Ziwa hasa. Unadumu maisha yote, na kwa miaka ya karibuni umepata dawa za bei ya chini kabisa na za bei ya kutisha kwa wakati mmoja.

Kilichomo kwenye risiti

Mtoto wa miaka saba anaamka usiku akilia mikono na miguu. Chembe zake nyekundu za damu zimejikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo, na maumivu yake hayatulii kwa kukandwa maji ya moto. Mama anamfunga mgongoni, baba anakwenda kugonga kwa kijana wa bodaboda. Hospitali wanamwekea dripu, wanampa dawa ya maumivu, wanampima wingi wa damu. Damu imeshuka mno, inabidi aongezewe, na ndugu wanapigiwa simu waje kujitolea. Mama analala kwenye mkeka kando ya kitanda. Asubuhi bibi anatuma uji kwenye chupa ya chai, mchana ugali kwenye bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Siku ya nne wanaruhusiwa. Baada ya wiki chache, yale yale.

Risiti ya hospitali itaonyesha vipimo na dawa. Kwa mtoto mdogo zaidi pengine haitaonyesha chochote, kwa kuwa sera ya afya ya Tanzania inawasamehe ada watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wasio na uwezo. Lakini msamaha wa ada hauna nauli ndani yake. Hauna chakula cha anayemuuguza, wala dawa ya kununua duka la nje pale dirisha la hospitali linapokuwa tupu. Mtoto akipewa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, inaongezeka nauli ya basi ya watu wawili na siku za kulala ugenini.

Wachumi huzigawa gharama hizi katika mafungu matatu. La kwanza ni fedha inayotoka mkononi, iwe ya matibabu yenyewe au ya nauli, chakula na malazi. La pili ni kazi iliyopotea: siku ambazo mgonjwa na anayemuuguza hawakulima, hawakuuza gengeni, hawakwenda shule. La tatu ni maumivu, hofu na aibu, mambo ambayo hayana soko wala bei lakini kila mzazi anajua yana uzito. Hospitali hurekodi sehemu ya fungu la kwanza. Yaliyobaki yanakwenda nyumbani pamoja na mgonjwa.

Kifua kikuu kinalionyesha hili waziwazi. Dawa zake Tanzania hutolewa bure. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2019 ulipozihoji kaya za wagonjwa, karibu nusu zilikutwa zimebeba gharama zinazozidi asilimia 20 ya kipato cha mwaka, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) linakiita janga kwa familia. Dawa ilikuwa bure, nyumba ikafilisika kwa nauli, lishe na siku za kazi. Ndiyo sababu kufupisha tiba ni ukombozi wa kiuchumi pia. Kifua kikuu sugu kilichohitaji miezi 18 au zaidi ya vidonge na sindano kimepata mseto mpya wa vidonge wa miezi 6, uliopendekezwa na WHO mwaka 2022. Kwa mkulima, mwaka mmoja uliookolewa ni msimu mzima wa shamba.

Siku ya palizi ina bei gani?

Fungu la pili ndilo gumu zaidi kupima. Mfanyakazi wa ofisini akiugua siku tano, unachukua mshahara wake wa mwezi na kugawanya. Njia hii ya kumhesabu mtu kwa kipato chake ina historia ndefu. William Petty aliitumia kukadiria thamani ya watu wa London waliopotea kwa tauni katika karne ya 17, na Dorothy Rice aliijenga upya Marekani miaka ya 1960 alipokadiria gharama za magonjwa kwa nchi nzima. Lakini Nyalikungu wengi hawana mshahara. Wana shamba, ng'ombe, mashine ya kukoboa, meza ya nyanya.

Watafiti wengi hukwepa ugumu huu kwa kuweka kima kimoja cha kibarua kwa kila siku ya mwaka. Anayejua kilimo cha Usukumani anaiona kasoro mara moja. Mama akilazwa na mtoto mwezi wa Agosti, pamba ikiwa imeshauzwa na ardhi imekauka, familia inapoteza kidogo. Akilazwa Januari, wakati magugu yanashindana na mche, anapoteza palizi, na palizi ikipotea mavuno ya msimu yameguswa. Mvua haimsubiri mtu atoke wodini. Siku zile tano zina bei mbili tofauti kabisa, na malaria, ambayo huwaumiza sana watoto wenye selimundu, hufuata mvua zilezile zinazoleta palizi. Ugonjwa unakuja siku ambazo muda una thamani kubwa kuliko zote.

Kasoro ya pili inamhusu bibi. Ana miaka 65, hauzi kitu sokoni, kwa hiyo kwa hesabu ya kipato siku yake ni sifuri. Lakini yeye ndiye anayebaki na wajukuu wanne, anachota maji, anapika na kutuma uji hospitali. Akiumwa yeye, nyumba inasimama. Baadhi ya wachumi wamejaribu kuziba pengo hili kwa kuwauliza watu wangekuwa tayari kulipa kiasi gani ili wasiugue, lakini maskini atataja kidogo kwa sababu anacho kidogo, na maumivu yake yataonekana mepesi kuliko ya tajiri.

Kipo pia kipimo kilichozoeleka cha kuhesabu kaya zinazotumia zaidi ya asilimia 10 ya matumizi yao yote kwa afya. Kinafaa, ila kina shimo moja kubwa. Familia iliyokosa nauli kabisa ikabaki nyumbani na mtoto imetumia shilingi sifuri. Kwenye jedwali itaandikwa kuwa salama.

Halafu kuna gharama inayochelewa kuonekana. Ng'ombe wa plau akiuzwa kulipia matibabu, bei ya mnadani ni mwanzo tu wa hasara. Msimu unaofuata familia italima eneo dogo zaidi, au itasubiri kukodi ng'ombe wa jirani hadi jirani amalize kulima. Utafiti unaouliza "mwezi uliopita mlitumia kiasi gani?" unamkuta mtu ameshapona na daftari limefungwa, ilhali umaskini ndio kwanza unaanza.

Waliokufa kwa jina la ugonjwa mwingine

Kabla ya shilingi, lazima kwanza watu wahesabiwe. Selimundu ilielezwa mara ya kwanza katika jarida la kitabibu mwaka 1910 na James Herrick wa Chicago. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kupima damu za watu wa Afrika Mashariki, alionyesha kwamba anayerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hiki kimejaa kandokando ya Ziwa Victoria na pwani, mahali palipotawaliwa na mbu tangu kale. Anayerithi viwili, kutoka kwa baba na kwa mama, ndiye anayeugua.

Wako wangapi? Mwaka 2020 watafiti wa Bugando na wenzao walichapisha jibu kwa mikoa ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Walichukua matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, ambayo tayari yalikuwa yamekusanywa kupima virusi vya UKIMWI kwa watoto wachanga, na kuyapima upya. Sampuli zilizidi 17,000. Mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na kinasaba kimoja, na asilimia 1.2 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Napenda kazi hii kwa namna ilivyofanyika kama ninavyoipenda kwa matokeo yake. Upimaji wa maana haukuhitaji gari jipya wala jengo jipya. Karatasi zilikuwapo kabatini, zikasubiri mtu wa kuziuliza swali la pili.

Vifo ndivyo vigumu zaidi. Mtoto mwenye selimundu hufa kwa malaria, kwa upungufu wa damu, kwa homa ya mapafu, kwa maambukizi kwenye damu, na kwenye daftari ndilo jina linaloandikwa. Wakadiriaji wa mzigo wa maradhi duniani waliliona hili katika makadirio ya mwaka 2021. Walipohesabu vifo vilivyoandikwa selimundu kama sababu walipata takriban 34,400. Walipohesabu vifo vyote vya watu wenye selimundu, kwa jina lolote, walipata takriban 376,000. Tofauti ni mara 11. Waziri wa fedha anayeoneshwa namba ya kwanza atauweka ugonjwa huu mwisho wa orodha yake, na anayeoneshwa ya pili atauliza maswali. Bajeti yote iko kwenye jinsi karani alivyojaza kisanduku kimoja.

Miaka iliyopotea

Selimundu huua na pia huumiza kwa miaka mingi. Trakoma hupofusha bila kuua. Unawezaje kuyaweka magonjwa haya kwenye orodha moja? Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitumia kipimo kilichobuniwa na Christopher Murray na Alan Lopez: miaka ya maisha yenye afya iliyopotea. Mtoto akifa na miaka 5 anapoteza miaka yote ambayo angeishi hadi umri wa rejea, zaidi ya 75. Anayeishi na maumivu anapoteza sehemu ya kila mwaka, kulingana na ukali wa ugonjwa. Jumla ya hayo mawili ndiyo mzigo.

Kipimo hiki kilipigwa mawe tangu mwanzo, na mawe mengine yalistahili. Mwaka wa kijana wa miaka 25 ulipewa uzito mkubwa kuliko wa mtoto mchanga au mzee, na miaka ya mbele ilipunguzwa thamani kwa asilimia 3 kila mwaka. Hayo yaliondolewa katika makadirio ya mwaka 2010. Lakini bado ukali wa ulemavu unapewa namba moja kwa dunia nzima, kana kwamba kupoteza mguu Geneva na kupoteza mguu kijijini Itilima, ambako maji yako mbali na njia ni ya mchanga, ni jambo moja.

Pamoja na kasoro hizo, Tanzania ilitoa ushahidi mkubwa kwamba kipimo hiki kinaweza kuokoa maisha. Miaka ya 1990, katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, mradi ulioitwa TEHIP ulipita nyumba kwa nyumba ukiuliza nani amekufa na alikuwa na dalili gani. Kisha waganga wakuu wa wilaya wakawekewa majibu hayo pembeni ya bajeti zao. Ilibainika kuwa malaria ilikuwa inabeba takriban asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, ilhali ilitengewa takriban asilimia 5 tu ya fedha. Bajeti zikapangwa upya, zikaongezewa kiasi kidogo kisichofika dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka. Katika miaka michache vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40. Sababu zilikuwa nyingi, vikiwemo vyandarua na matibabu bora ya watoto, lakini chanzo kilikuwa watendaji wa wilaya kuona kwa mara ya kwanza mzigo na fedha kwenye ukurasa mmoja.

Somo lililotoka Mwanza

Ushahidi mwingine uko karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika vijiji vya mkoa wa Mwanza wa wakati ule, uliokuwa unashika hata eneo la Busega ambayo leo ni wilaya ya mkoa wa Simiyu, AMREF, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na chuo cha tiba za tropiki cha London walifanya jaribio la jamii 12. Nusu yao zilipewa huduma bora ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya vilivyokuwapo tayari: watumishi walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zikahakikishwa, usimamizi ukafanyika. Nusu nyingine zilisubiri. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 kule kulikopata huduma.

Mwaka 1997 ikachapishwa hesabu ya fedha. Huduma ile iligharimu takriban senti 39 za dola kwa kila mkazi kwa mwaka. Kuzuia ambukizo moja kuligharimu takriban dola 218, na kila mwaka wa maisha yenye afya uliookolewa takriban dola 10. Wakati huo dawa za kufubaza virusi zilikuwa zinagharimu maelfu ya dola kwa mgonjwa kwa mwaka. Zahanati ya kijijini, dawa za kawaida na muuguzi aliyefundishwa vizuri vilionekana kuwa tiba ya thamani kubwa kuliko nyingi zilizovumishwa.

Lakini miaka miwili baadaye, Rakai, Uganda, ng'ambo ya ziwa, jaribio lililowapa watu wote dawa za magonjwa ya zinaa kwa awamu halikupunguza maambukizi ya virusi. Mbinu ilikuwa tofauti, na janga kule lilikuwa limekomaa zaidi. Kwa hiyo thamani ya tiba haiandikwi kwenye kidonge. Inategemea kidonge kinaingia wapi, kwa nani, lini, na kupitia mkono wa nani. Namba ya Mwanza haisafiri kwenda Rakai bila kuhojiwa, na ya Chicago haisafiri kuja Maswa bila kuhojiwa zaidi.

Kidonge cha miligramu 500

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Dawa ya haidroksiurea ilianza kama dawa ya saratani, na mwaka 1998 Marekani iliiidhinisha kwa watu wazima wenye selimundu. Huongeza aina ya damu ambayo mtoto huwa nayo tumboni mwa mama, na chembe zenye damu hiyo hazijikunji kirahisi. Kwa miaka mingi dawa hii iliogopwa barani Afrika: je, dawa inayoweza kushusha kinga haitawaua watoto kwa malaria?

Jibu lilikuja Januari 2019. Utafiti ulioitwa REACH uliwapa dawa hiyo watoto 606 wa miaka 1 hadi 10 katika Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale. Chukua watoto 100 kwa mwaka mmoja. Kabla ya dawa walipata vipindi 98 vya maumivu makali, kwenye dawa 45. Kuongezewa damu kulishuka kutoka mara 43 hadi 14. Malaria ilishuka kutoka 47 hadi 23. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1. Ulinganisho ulikuwa na miezi miwili ya kabla ya dawa, haukuwa na kundi lisilopewa, hivyo mchambuzi makini ataacha nafasi ya shaka. Lakini mwelekeo ni uleule kila mahali, na hofu ya malaria iligeuka kuwa faida.

Zitafsiri namba hizo kwa lugha ya wodi. Kwa kila watoto 100, karibu safari 29 za kuongezewa damu kwa mwaka hazitokei. Hizo ni safari 29 za bodaboda usiku, chupa 29 za damu zinazobaki kwa mama anayetoka damu baada ya kujifungua, na ndugu 29 wasioitwa kuacha shamba. Vipindi 53 vya maumivu havitokei. Baadhi yake vingeangukia kwenye palizi.

Dawa hii nayo ina gharama zisizo kwenye boksi. Kidonge cha kawaida ni cha miligramu 500, na kipimo cha kuanzia ni takriban miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 25 kinamtosha sawasawa. Mtoto wa kilo 12 anahitaji karibu nusu, na kidonge chenyewe ni kapsuli ya unga, hakikatwi kwa kisu. Hapo mfamasia aangalie namna ya kugawa, au mzazi ampe siku moja aruke siku moja kwa maelekezo. Kuna kipimo cha damu kinachorudiwa, kwa kuwa chembe nyeupe zinaweza kushuka kupita kiasi, na mashine yake haipo kila zahanati. Na kuna swali ambalo kila mzazi huuliza akiwa mlangoni, begi begani:

"Dokta, hiki anakunywa hadi lini?"

"Kila siku, mama. Hata akiwa mzima kabisa."

Jibu hilo lina uzito mkubwa wa kiuchumi kuliko bei ya kapsuli. Dawa ya kila siku inayokatika miezi mitatu kwa mwaka kwa sababu ya stoo tupu au nauli haitatoa matokeo ya REACH. Ukiipima kwa bei ya kapsuli peke yake utakosea kwa kuiona rahisi. Ukiipima bila kuhesabu wodi inayobaki tupu utakosea zaidi kwa kuiona ghali.

Dola milioni mbili

Upande wa pili wa dunia, Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba mbili za vinasaba kwa wagonjwa wa selimundu. Moja ilitangazwa kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa, nyingine kwa dola milioni 3.1. Watetezi wake huonyesha gharama za kumtibu mgonjwa maisha yote nchini mwao, na kwa hesabu za hospitali za kule hoja yao ina nguvu. Kwetu, hesabu hiyohiyo inaleta jibu jingine, kwa kuwa fedha ya mgonjwa mmoja ingeweza kubeba kliniki, vipimo na haidroksiurea ya watoto wengi kwa miaka mingi. Tanzania nayo haijakaa nje: Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Ni hatua ya kujivunia. Itawafaa wachache wenye ndugu anayelingana nao, na haiwezi kuwa jibu la mtoto mmoja kati ya kila watoto 80 hivi.

Kuna onyo jingine kutoka upande huo wa pili wa dunia. Dawa iitwayo voxelotor iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa sababu ilipandisha kiwango cha damu kwenye vipimo. Septemba 2024 Pfizer iliiondoa sokoni dunia nzima baada ya takwimu kuonyesha wasiwasi kuhusu maumivu makali na vifo miongoni mwa waliokuwa wakiitumia. Namba ya maabara ilipanda, maisha hayakufuata. Anayepima faida ya tiba mpya aulize kwanza kinachomhusu mgonjwa: je, maumivu yamepungua, mtoto amekwenda shule, yu hai?

Nani ashike mizani?

Jibu la "inagharimu kiasi gani" hubadilika kulingana na nani anauliza. Kwa mfuko wa bima, mtoto aliyekosa nauli akabaki nyumbani ni nafuu. Kwa hospitali, damu iliyotolewa na mjomba ni ya bure. Kwa nchi, vyote ni hasara. Hesabu inayofanywa kutoka kwenye dawati la mlipaji mmoja itapendekeza daima kusukuma mzigo kwa yule asiye na dawati, naye ni mama wa wodini.

Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanzia Igunga mwaka 1996, ulipoboreshwa uliwataka watu 6 wa kaya moja kuchangia shilingi 30,000 kwa mwaka, na huduma yake ilifika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa selimundu, mahali ambapo kadi iliishia, yaani hospitali hiyo ya mkoa iliyoko Bariadi, ndipo safari ya Bugando ilipoanza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ilifungua nafasi ya kupanga upya kitita cha huduma. Nafasi hiyo isijazwe kwa kukisia.

Kinachohitajika Simiyu, mkoa ilimo Maswa, wenye watu zaidi ya milioni 2, hakizidi uwezo wake. Watoto wapimwe selimundu wanapoletwa kliniki, kama Bugando walivyoonyesha kwa tone la damu kavu, na jibu liandikwe kwenye kadi ya mtoto. Kifo cha mtoto kikiandikwa malaria, kisanduku cha selimundu kijazwe pia. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaopita kaya zilezile kila mwezi, waulize maswali manne: mlitumia kiasi gani, nani aliacha kazi, kipi kiliuzwa, na nani hakwenda hospitali kabisa. Wayaulize Januari na Agosti, kwa kuwa bei ya siku haifanani. Kisha majibu yawekwe mbele ya baraza la madiwani pembeni ya bajeti ya dawa, kama ilivyofanyika Rufiji.

Wakulima wa Nyalikungu hawahitaji kufundishwa umuhimu wa kipimo cha haki. Wameshasimama mbele ya mizani ya pamba mara nyingi, wakaisoma wenyewe, na ikiwapunja wakasema. Kwenye maradhi wamelipa miaka yote bila kusoma namba yoyote. Siku hesabu hiyo itakapoletwa kwao, ikiwa na ng'ombe aliyeuzwa, palizi iliyopita na uji wa bibi ndani yake, wao ndio watakaojua kwanza kama imetimia.